Birika na Mdomo wa Shaba

Siku mliponiaga pale karakana, mkanipa blanketi na redio, mmoja wenu aliuliza kama ningeondoka na ule mdomo wa shaba unaoning'inia kwenye msumari juu ya meza ya kazi. Nikasema nitajibu kwa maandishi. Mlicheka, mkadhani mzee anatafuta kisingizio cha kurudi kuwasumbua. Haya, jibu ndilo hili, na ni refu kidogo. Wenye haraka wasome sehemu ya kusafisha rejeta na waruke iliyobaki, ila trekta ikiwachemkia Ijumaa jioni wasije kunigongea mlango.

Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili, na faili ziko kwa karani. Mimi nitaanza na viatu.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, wakati wa Emajensi, serikali ilipokuwa ikipambana na Mau Mau. Watu wengi walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba ya wazungu, na mashamba hayo yalikuwa yakitafuta mikono mipya. Sisi asili yetu ni upande wa Kakamega, lakini baba alikuwa mtu wa reli pale Nakuru, na ndiye aliyesikia kwamba shamba moja kati ya Gilgil na Kariandusi linataka mtu wa karakana anayejua kusoma. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa elimu ya kutembea nayo kifua mbele, nami nilitembea hivyo, na viatu nimevipiga rangi mpaka vikang'aa.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Ogutu, mtu wa upande wa Kisumu, mrefu, mwenye mgongo ulioanza kupinda. Alikuwa fundi wa malori ya jeshi huko Burma, na tangu arudi kutoka vitani hakuwahi kuinua sauti. Aliangalia viatu vyangu kabla ya kuniangalia usoni.

"Unajua kusoma?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Hata spana zimeandikwa. Soma hizi zote, ukimaliza uzioshe."

Akanisukumia karai la mafuta ya taa lililojaa spana. Nilisoma na kuosha wiki tatu.

Shamba lilikuwa na trekta moja tu ya maana, nayo ilikuwa kuukuu. Tuliiita Birika, kwa sababu kila ilipofika katikati ya shamba ilitoa mvuke na kupiga mluzi kama chai imeiva. Kwa Birika ndiko nilikojifunza yote ninayoyajua kuhusu injini inayochemka, na kwa hiyo nitayasema hapa.

Trekta ikichemka, jambo la kwanza ni kutofanya kitu. Izime, kaa chini, ngoja. Usifungue kifuniko cha rejeta kwa sababu bwana shamba amesimama hapo anatazama saa. Yeye hataungua uso, wewe utaungua. Usitie maji baridi kwenye injini ya moto. Nimewahi kusikia silinda hedi ikipasuka. Sauti yenyewe ni ndogo, mtu anaweza kudhani ni kijiti kimevunjika, lakini huwezi kuisahau. Ikipoa, anza na vitu vya bure: mkanda wa feni kama umelegea, mpira wa maji wa chini kama umejikunja, matundu ya rejeta kama yamezibwa na uchafu. Kwetu uchafu ulikuwa lile vumbi jeupe la Kariandusi, ambalo likilowa umande hukauka kama plasta. Ukimaliza hayo yote na bado inachemka, basi ugonjwa uko ndani, na chanzo chake ni maji uliyoinywesha.

Maji yetu ya kisima yalikuwa na chumvi. Ndiyo yale yaliyotupaka meno rangi ya chai sisi tuliokaa kule, na kama yanafanya hivyo kwa jino, fikiria yanavyofanya kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta. Sheria ya Mzee Ogutu ilikuwa moja: rejeta hunywa maji ya mvua. Nje ya karakana alikuwa na mapipa mawili, la kona likikinga mvua kutoka kwenye mabati na la mlangoni likijazwa maji ya kisima ya kuoshea vyombo. Madereva walijua sheria hiyo vizuri sana, kisha wakifika shambani na Birika inalia, walitia maji yoyote yaliyokuwa karibu.

Mzee alikuwa na vitu viwili ambavyo mafundi wengine hawakuwa navyo. Cha kwanza ni huo mdomo wa shaba. Aliuchonga kwa tupa kutokana na ganda la kombora la mzinga alilorudi nalo kutoka vitani. Upande mmoja unaingia kwenye mpira wa maji ya tangi, upande mwingine unakaa barabara kwenye shingo ya chini ya rejeta, bila kuvuja hata tone. Cha pili ni ulimi wake. Akifungua maji ya rejeta, alichovya kidole, akaonja, akatema, akasema, "Gasketi hii inavuja," au, "Dereva amejaza kisimani." Hakukosea.

Aliniambia nionje. Nikakataa. Mimi, mtu wa darasa la sita, nirambe mkojo wa trekta? Sikusema hivyo, lakini uso wangu ulisema. Mzee hakurudia tena. (Nanyi msionje. Siku hizi watu hutia rangi ya kijani yenye sumu humo ndani, na hospitali iko mbali.)

Basi siku moja akaja mtu kutoka zizini, mkamua ng'ombe, Kipkemoi, kijana wa rika langu aliyetoka upande wa Molo. Alileta mkebe wa maziwa uliovuja ili uchomelewe. Alimkuta Mzee ameinama akimwaga maji ya Birika kwenye karai. Bila kuulizwa na mtu, alichovya vidole viwili akaonja.

"Hii maji si ya kisima," akasema. "Hii iko na magadi ya ziwa."

Mzee akamwita dereva. Dereva akaruka huku na huku, mwishowe akakubali kwamba jana alijaza debe karibu na Ziwa Elmenteita, maana ndiko ilikochemkia. Mzee Ogutu akapiga paja akacheka. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima na sikujua kwamba ana meno ya nyuma.

"Wewe ulijuaje?"

"Ni ng'ombe, Mzee. Mimi huonja kwanza ndio nijue kama watakunywa."

Wiki iliyofuata Kipkemoi alikuwa karakana.

Naomba mnielewe, kwa sababu nimekuja kusema kweli. Nilimwonea wivu mtu yule kwa namna ambayo sikuwahi kumwonea mtu mwingine, na baadaye nimeona watu wakinunua magari. Hakujua kusoma hata namba ya spana. Aliipima kwa jicho, na ikaingia. Hakuwa na viatu. Na kila alipoiwekea injini sikio na kusema neno, Mzee alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari za kwao. Saa kumi Mzee alikuwa na desturi ya kunywa chai katika kikombe cha bati, nusu, kisha nusu nyingine akampa mtu aliyemkubali. Mwaka ule wa kwanza hakumkubali mtu, na nusu ile ilimwagwa chini. Alipokuja Kipkemoi, ikawa ya Kipkemoi. Nilikuwa na chai yangu mwenyewe, tena yenye maziwa, na bado nilikitazama kikombe kile kikipita mbele yangu nikasikia roho inaniuma. Nilingoja ile methali ya mgema itimie, asifiwe mpaka aharibu. Hakuharibu.

Ikafika mwaka ambao macho ya Mzee yalianza kuingia ukungu. Alifanya kazi kwa kupapasa. Birika nayo ilizidi kuchemka, na mvua za kupanda zilikuwa karibu. Bwana mwenye shamba, tuliyemwita Bwana Kiko kwa sababu ya kile alichokuwa nacho mdomoni daima, alikuja akasimama mlangoni.

"Ogutu, hii trekta nachemka kila siku. Kama nachemka tena wakati ya kupanda, mimi nauza yeye kwa watu ya chuma kuukuu. Na wewe nakwenda kwenu. Nyinyi mbili nazeeka pamoja."

"Ndio, Bwana," Mzee akasema.

Bwana alipoondoka, Mzee alikaa juu ya kasha la vyombo, akageuza uso upande tuliokuwa tumesimama. "Macho yangu hayafiki tena ndani ya rejeta," akasema. "Hii kazi ataifanya Kipkemoi. Barasa, wewe utamsaidia."

Barasa ni mimi. Nilisema, "Sawa, Mzee," nikaenda kumpangia Kipkemoi spana kwa namba zake.

Tulifanya kazi siku mbili, na sitamnyima haki yake: ilikuwa kazi safi kuliko yoyote niliyoiona. Iandikeni. Tuliipasha injini kidogo tukamwaga maji yangali vuguvugu, maana yakipoa uchafu hulala chini. Yalitoka rangi ya chai mbaya. Tukatoa thamostati, kile kilango cha kupitisha maji ya moto, tukaichemsha kwenye sufuria ili tuone kama inafunguka; ilifunguka, tukaiweka kando. Tukang'oa mpira wa juu na wa chini, tukafunga mdomo wa shaba kwenye shingo ya chini, tukafungulia maji ya tangi. Maji yapande kutoka chini kwenda juu, kinyume na njia yake ya kila siku, ndipo uchafu uliokwama uachie. Yalitoka magamba, kutu, na mabaki ya chura, sijui aliingiaje. Injini yenyewe tuliifanyia vivyo hivyo. Tukarudisha mipira, tukajaza maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi ya kufulia, tukaiacha ingurume saa nzima bila mzigo, tukaizima, tukamwaga.

Hapo ndipo penye mtego. Baada ya magadi, suuza kwa maji ya mvua, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yasiteleze tena kati ya vidole. Usilete maji ya kisima. Yakikutana na magadi yaliyobaki hutoa uji mweupe, na uji huo utaziba kila kitu ulichokizibua. Kazi ya siku mbili inaharibika kwa siku mbili.

Tulikuwa tumefika hapo, alasiri, wakaja kumwita Kipkemoi kutoka zizini. Ng'ombe alikuwa amekwama kuzaa, na walimtaka yeye.

"Barasa, suuza na ujaze," akaniambia akifuta mikono. "Pipa ya kona, ndugu yangu. Ile ya mvua."

"Nenda. Mimi si mtoto."

Mzee alikuwa amesinzia juu ya kasha lake, na kile kikombe cha bati kiko kando yake, kimefunikwa kisahani. Nilikifunua. Nusu ya chai, imewekwa. Nilijua ni ya nani.

Nilichukua ndoo, nikaenda kwenye pipa la mlangoni. Sikusuuza. Nilijaza Birika maji ya kisima mpaka juu, nikafunga kifuniko, nikafuta rejeta kwa kitambaa mpaka ikang'aa kama vile viatu vyangu vya siku ya kwanza. Sikuwa nimelewa wala sikukosea pipa. Nilitaka Birika ichemke mikononi mwa Kipkemoi, mbele ya watu wote.

Nilipofika nusu ya njia ya kwenda kambini ndipo nikakumbuka ni nani hasa atakayefukuzwa. Kipkemoi angerudi tu kwa ng'ombe wake. Mzee Ogutu ndiye angepakiwa na kasha lake, na macho yake yale. Nilisimama. Kurudi ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Nikajiambia nitadamka kesho niyamwage kabla hawajafika, nikaendelea kwenda.

Nilidamka, ila Kipkemoi alikuwa amedamka kunizidi. Nilikuta Birika iko shambani, jembe limeshuka, ndege wamefuata nyuma kuokota wadudu. Kipkemoi ndiye aliyeiendesha msimu ule. Nilikaa mlangoni pa karakana siku nzima na kazi mkononi nisiyoifanya, nikisikiliza ule mluzi. Haukuja. Siku ya pili haukuja. Siku ya tatu nilienda mwenyewe hadi shambani kumpelekea grisi ambayo hakuiomba. Nikaweka mkono kwenye rejeta. Ilikuwa na joto la kawaida, kama paji la uso la mtu mzima. Kando ya kiti palikuwa na debe la maji ya akiba.

Niliporudi nilichungulia pipa la kona. Lilikuwa limebaki vidole vinne vya maji. Nikajidanganya kwamba mfua nguo wa Bwana Kiko amelichota.

Tulimaliza kupanda bila Birika kuchemka hata mara moja. Bwana Kiko alikuja, akaizunguka, akagonga kiko chake kwenye gurudumu. "Ogutu, wewe nabaki," akasema, akaondoka. Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi ya shukrani niliyowahi kumsikia akitoa.

Saa kumi siku hiyo Mzee alituita sote wawili. Alikuwa na mdomo wa shaba mapajani, ameung'arisha.

"Huu niliahidi moyoni nitampa mtu atakayeokoa Birika," akasema. "Kipkemoi ameniambia vile ilikuwa. Ameniambia yeye ndiye angejaza maji ya kisima, akili yake imeenda kwa ng'ombe, na wewe Barasa ndiye ulimshika mkono. Chukua, mwanangu. Na wewe unajua kuandika, andika jina lako."

Nilimtazama Kipkemoi. Alikuwa anakuna kisigino chake kwa kidole cha mguu mwingine, anatazama nje.

Huo ulikuwa wakati wa kusema. Nimekuwa nikiutafuta wakati mwingine kama ule kwa miaka yote hii, na haurudi. Nilinyoosha mkono. "Asante, Mzee," nikasema. Akanipa na nusu ya chai. Niliinywa yote.

Nilimfuata Kipkemoi bombani alipokuwa akinawa.

"Ulionja," nikamwambia.

"Mimi huonja kila asubuhi kabla iwake. Ilikuwa inateleza mdomoni kama sabuni, halafu chumvi." Akatema mate, kama vile ladha yenyewe ingali hapo. "Nikamwaga, nikasuuza, nikajaza tena. Ndoo kumi na nne peke yangu, Barasa. Mgongo iliniuma wiki moja."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia, angekufukuza. Na Bwana amesema mwaka ujao analeta trekta mpya, inakuja na kitabu." Akafunga bomba. "Hiyo kitabu nani atanisomea?"

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo wivu uliniisha. Uliongezeka. Mpaka wakati ule nilimwonea wivu kwa ulimi wake na kwa kikombe cha chai. Sasa nilimwonea wivu hata kwa kuweza kulala usingizi. Nilimsomea kitabu cha trekta mpya ukurasa kwa ukurasa, naye alisikiliza amefumba macho, na mara mbili alisema, "Hapo kitabu imekosea." Mara zote mbili kilikuwa kimekosea.

Mzee Ogutu alirudi kwao kwa hiari yake, akiwa kipofu kabisa, akiamini mpaka mwisho kwamba mimi ndiye niliyeokoa mkate wake. Kipkemoi alikaa miaka michache, kisha akapata shamba karibu na Elburgon akaenda kulima viazi. Mimi nilihamia Nakuru, nikaja na mdomo wa shaba, na ninyi mkanikuta nao. Kila mmoja wenu nimemfundisha kuutumia. Kila mmoja aliuliza ulitoka wapi, nami nikasema, "Nilipewa na mwalimu wangu." Ni kweli, na mwongo mzuri hana haja ya kitu kingine.

Wiki iliyofuata baada ya kuniaga niliuchukua, ndiyo maana mliona msumari mtupu siku tatu. Nilipanda gari hadi Elburgon. Nilimkuta Kipkemoi nyuma ya nyumba, mvi tupu, ameinama juu ya trekta kuukuu ya mwanawe, anamwaga maji ya rejeta kwenye karai. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Nikautoa nikampa.

Aliugeuza-geuza, akaona jina langu, akanirudishia. "Kaa nayo, Barasa. Mimi sikuwa naihitaji." Akachovya vidole viwili kwenye karai. "Hii amejaza mtoni, hapo chini ya kiwanda cha mbao. Nimemwambia huyu kijana mpaka nimechoka. Onja."

Sikuwahi kuonja katika maisha yangu yote ya kazi. Nilichovya kidole, nikaweka ulimini, nikangoja. Alinitazama kwa hamu kabisa, kama Mzee alivyokuwa akimtazama yeye. Kwangu yalikuwa maji tu.

Basi mdomo wa shaba nimeurudisha kwenye msumari, na ni wenu. Lakini jina lililochorwa pale, BARASA, si la mwenyewe. Lifuteni, muandike KIPKEMOI, kwa herufi kubwa, kwa sababu hakuwahi kuziandika mwenyewe. Nimejaribu kulifuta mara mbili, nikaishika tupa, na mara mbili mkono umekataa. Nimestaafu kila kitu isipokuwa ule wivu.

Tupa iko kwenye droo ya pili, upande wa kushoto.